UZI: Kuhoji watoto na wahanga wa ubakaji mahakamani Uingereza, kazi ya barista wa jinai ilivyo

Bint_Chumbageni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kuna uzi humu mtu aliuliza mawakili wanaotetea washtakiwa wa ubakaji wanapata wapi moyo. Kurasa mbili tu ukawa matusi, mods wakaufunga. Nimeona nifungue wangu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba.

Mimi ni mtu wa Tanga, sheria nimesomea huku Uingereza, na ni barista wa jinai, yaani wakili anayesimama mahakamani kwenye kesi za jinai, kwenye mji mmoja wa Midlands. Faili nyingi ninazopewa ni za makosa ya kingono. Shahidi mkuu mara nyingi ni mtoto, au mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, au mtu ambaye ukimkumbusha tu anaanza kutetemeka. Wiki hii nasimama upande wa mashtaka, wiki ijayo utetezi. Mifano nitakayotoa nimeichanganya na kuigeuza, msijisumbue kutafuta nani ni nani. Huku mlalamikaji wa kosa la kingono jina lake halitangazwi maisha yake yote, sheria ya 1992 imelifunga hilo.

Mfumo kwa kifupi: mawakili wa England wamegawanyika. Solisita anakaa na mteja, anaandaa kesi. Barista ndiye anayesimama mbele ya jaji na juri (raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia), amejiajiri mwenyewe, anapanga ofisi na wenzake kwenye chemba, na kuna karani anayegawa kazi. Kufika hapo unasoma shahada, kisha kozi ya Bar, unajiunga na mojawapo ya Inn (vyama vya mabarista) nne za London (Lincoln's, Gray's, Inner Temple, Middle Temple) ambako sehemu ya masharti, amini usiamini, ni kwenda kula nao chakula cha jioni. Kisha mwaka mmoja wa kufuatana na barista mzoefu: miezi sita unatazama, miezi sita unaruhusiwa kusimama mwenyewe. Ukibahatika chemba inakuchukua.

Hayo mtayasoma popote. Ninachotaka kuwasimulia ni maswali.

Watu wanadhani kumdodosa mtoto (yaani kumhoji shahidi wa upande wa pili) kwenye kesi ya ubakaji ni kazi ya sauti kali na kidole. Zamani ilikuwa hivyo kweli. Wakili anamzungusha mtoto wa miaka saba mpaka analia, anakaa chini anaonekana bingwa. Sheria ya Haki za Vijana na Ushahidi wa Jinai ya 1999 ilileta kile tunachokiita hatua maalumu: pazia ili shahidi asimwone mshtakiwa, ushahidi kwa video kutoka chumba kingine, watazamaji kutolewa nje, mawakili na jaji kuvua mawigi na majoho, mahojiano ya polisi yaliyorekodiwa kuchezwa kama ushahidi wa msingi, na msaidizi wa mawasiliano kukaa na shahidi. (Kuhusu mawigi, kuna watoto wanataka tuyavae. Wameona kwenye TV, wakituona vichwa wazi wanahisi wamepunjwa. Tunawauliza kwanza.)

Cha mwisho kuanza kutumika kilikuwa Kifungu cha 28: maswali ya dodoso nayo yarekodiwe kabla, miezi mingi kabla ya kesi yenyewe, juri ije ione video tu. Kamati ya Jaji Pigot ilipendekeza hilo 1989. Sheria ikaandikwa 1999. Majaribio yakaanza mwisho wa 2013 kwenye Crown Court (mahakama za kesi nzito za jinai) za Liverpool, Leeds na Kingston upon Thames. Crown Court zote za England na Wales zikaweza kuwarekodi walalamikaji wa makosa ya kingono Septemba 2022. Hesabuni wenyewe. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ripoti ile angekuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 30.

Sasa tuje kwenye chumba. Kabla ya kurekodi kuna kikao cha kanuni. Mimi kama utetezi nakuja na maswali yangu YAMEANDIKWA, yote, neno kwa neno. Jaji anayasoma, msaidizi wa mawasiliano anayasoma. Huyu msaidizi mara nyingi ni mtaalamu wa matamshi na lugha, amekutana na mtoto na kumpima, ana ripoti: mtoto huyu bado hajashika vizuri "kabla" na "baada", tumieni picha. Anachoka baada ya dakika 20. Akianza kuvuta mkono wa sweta, simameni.

Chukueni swali hili, la aina tuliyofundishwa zamani:

"Nakueleza kwamba baba yako mdogo hakuingia chumbani kwako usiku ule ambao umesema mama hakuwepo, na kwamba hukumwambia bibi kwa sababu hakuna kilichotokea, siyo?"

Mtoto wa miaka saba anajibu "ndiyo". Ndiyo ipi? Hakuingia? Mama hakuwepo? Hukumwambia bibi? Wakili anaandika "amekiri", juri inaandika "amekiri", kumbe mtoto amejibu sauti ya mtu mzima inayotaka "ndiyo". Siku hizi jaji analikata kwa kalamu. Ninachobaki nacho ni hivi:

"Uliwaambia polisi kuhusu usiku mmoja. Mama alikuwa wapi?"
"Nani alikuwa chumbani?"
"Bibi alikuja asubuhi. Ulimwambia bibi nini?"

Jambo moja kwa kila swali. Jina la mtu, siyo "yeye". Hakuna "siyo?" mwishoni. Na hapa nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi: maswali mafupi ni MAKALI zaidi. Ukiuliza swali la matope ukapata jibu la matope, juri inamhurumia mtoto na kukuchukia wewe na mteja wako. Ukiuliza "mlango ulikuwa wazi au umefungwa?" na jibu likapishana na alichosema polisi, umepata kitu ambacho hakuna mtu chumbani anaweza kukipuuza.

Mvulana mmoja mwenye usonji niliombwa niwe mwangalifu naye. Mwendesha mashtaka ndiye aliyeanza: "Unaweza kuniambia ulikaa wapi?" Mtoto: "Ndiyo." Kimya. Anasubiri swali linalofuata. Kwake yeye amejibu, ameulizwa kama ANAWEZA. Msaidizi akainua kadi, swali likageuzwa, "Ulikaa wapi?", na mtoto akaeleza mpaka rangi ya mto wa kochi.

Nimeandika sana. Ulizeni.

---

Mzee wa Ilala Boma

Umeandika vizuri lakini umelikwepa swali la ule uzi. Unajua kabisa jamaa kambaka mtoto, unavaa wigi unamtetea. Hela ile inalika?

---

Bint_Chumbageni

Shikamoo mzee. Sikwepi.

Kwanza, huku barista hachagui. Kuna kanuni kama ya teksi kituoni: aliye mbele kwenye foleni ndiye anayempakia abiria, hasemi sura hii siipendi. Kesi ikiwa ya fani yangu, tarehe iko wazi na malipo ni ya kawaida, nachukua.

Pili, "unajua kabisa" ndiyo nadra kuliko mnavyofikiri. Wengi wanakana mpaka mwisho na mimi sikuwepo. Akiniambia kwa mdomo wake kwamba kafanya, siruhusiwi kusimama na kudai hakufanya, wala kumpa shahidi hadithi nyingine. Ninachoweza ni kuuliza kama upande wa mashtaka umethibitisha. Akitaka zaidi ya hapo, atafute mwingine.

Tatu, na hili wengi hawalijui: sheria ile ile ya 1999 inamkataza mshtakiwa wa kosa la kingono kumhoji mlalamikaji yeye mwenyewe. Kabla ya hapo mwanaume angeweza kumfukuza wakili wake na kusimama kumuuliza mwanamke anayedai kambaka, siku nzima. Sasa hawezi. Akikosa wakili, mahakama inaweza kumteua mtu wa kuuliza maswali hayo tu. Kwa hiyo mzee, lazima mtu asimame pale. Bora awe aliyefundishwa.

---

Nyuki Mkali

Tatizo la hizi kesi ni kwamba mwanamke akisema tu, mwanaume kaisha. Hatua maalumu zote kwa mlalamikaji, pazia, video. Mshtakiwa ana nini?

---

Bint_Chumbageni

Mkuu swali halali, ingawa sentensi ya kwanza siyo kweli. Asemaye tu mara nyingi hafiki hata kwenye kufunguliwa mashtaka. Kesi nyingi zinafia polisi.

Mshtakiwa ana ufichuzi, yaani haki ya kupewa kila kitu kilicho mikononi mwa polisi kinachoweza kumsaidia. Desemba 2017 kesi ya mwanafunzi mmoja ilivunjika pale Croydon Crown Court. Alikaa karibu miaka miwili na tuhuma za ubakaji. Simu ya mlalamikaji ilikuwa na ujumbe kama 40,000, polisi walikuwa nao, utetezi haukupewa mpaka kesi imeanza. Ulipofunguliwa, kesi ikafa. Na aliyesukuma utolewe ni barista wa MASHTAKA, aliyekabidhiwa faili dakika za mwisho.

Tangu hapo nusu ya kazi yangu ni hiyo. Orodha za ujumbe, kumbukumbu za ustawi wa jamii, faili za shule. Kwenye TV barista anashinda kwa hotuba. Mimi naona kesi nyingi zinaamuliwa na mtu aliyekaa Jumapili akasoma ukurasa wa mia sita wa chati za WhatsApp. Na upande wa pili kuna Kifungu cha 41 cha sheria ile ile ya 1999: historia ya mlalamikaji kimapenzi siiulizi mpaka niombe ruhusa ya jaji kwa maandishi na kueleza inahusu nini. Jaji anaweza kukataa, na sawa.

---

Wakili Kijana Dom

Dada, heshima kwako. Mimi ni wakili wa kujitegemea Dodoma, nafanya jinai.

Nikilinganisha na kwetu napata uchungu. Tangu SOSPA, sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, ubakaji ni miaka 30 kwenda juu, mhanga akiwa chini ya miaka 10 ni maisha. Na tangu kesi ya Selemani Makumba 2006 Mahakama ya Rufani imeshasema ushahidi bora wa ubakaji ni wa mhanga mwenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kwenda maisha kwa neno la mtoto mmoja, na Sheria ya Ushahidi inaruhusu. Lakini jinsi neno lile linavyochukuliwa ndiyo kasheshe. Baada ya marekebisho ya 2016 mtoto wa miaka isiyozidi 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo ila aahidi kusema kweli na siyo uongo. Hakimu akisahau kuiandika ahadi ile, au akaiandika nusu, tunakutana Rufani. Kesi ya Geoffrey Wilson ilitoa mwongozo hakimu aulize nini, bado ushahidi wa watoto ukaendelea kufutwa kwenye rekodi kwa ajili ya mstari mmoja. Mtoto kasema kweli, hakimu kaandika vibaya, mtu katoka.

Faragha tunayo, kesi hizi zinasikilizwa bila watazamaji. Ila msaidizi wa mawasiliano sijamwona maishani mwangu. Maswali yangu hakuna anayeyasoma kabla. Mtoto kasimama, mshtakiwa yuko hatua nne kutoka kwake, na mshtakiwa asiye na wakili anamdodosa mwenyewe. Nimeliona hilo kwa macho.

Huko kwenu mtoto anaapishwa?

---

Bint_Chumbageni

Wakili msomi, karibu. Hapana, chini ya miaka 14 haapi kabisa. Kinachopimwa ni uwezo: anaelewa swali? anatoa jibu linaloeleweka? Basi. Hakuna kumuuliza kama anajua Mungu anamfanya nini mwongo.

Kesi iliyofungua njia ni ya Barker, Mahakama ya Rufaa, 2010. Shahidi alikuwa na miaka minne na nusu alipohojiwa kwenye kesi, na mambo yenyewe yalitokea akiwa mdogo zaidi. Utetezi wakasema mtoto huyu hafai kuwa shahidi. Lord Judge (ndilo jina lake kweli, na alikuwa Jaji Mkuu) akasema hakuna umri wa chini uliowekwa, na mawakili ndio wabadilishe mbinu zao. Mwaka 2014 kwenye kesi ya Lubemba mahakama hiyo ikarudia kwa maneno makavu: wakili amfuate shahidi, siyo shahidi amfuate wakili. Jaji akiona kumwambia mtoto "unasema uongo" kutamvuruga tu, anakukataza kusema, kisha yeye anawaeleza juri kwamba utetezi unapinga hili na hili na ndiyo maana hamkusikia likiulizwa.

Wakiwa washtakiwa watano na mabarista watano, jaji anaweza kutugawia mada ili mtoto asiulizwe jambo moja mara tano.

---

Binti wa Malindi

Kenya tuna intermediary, yaani huyo msaidizi wa mawasiliano, kwa Sexual Offences Act ya 2006, section 31. Lakini kwa sheria yetu anaweza kuwa mzazi, jamaa, mshauri nasaha, afisa wa watoto. Nimefanya kazi na shirika la watoto Kilifi, na mara nyingi anayeketi na mtoto ni mamake. Na kesi za unajisi nyingi mshukiwa ni wa familia. Sasa huyo mama anamsaidia nani?

---

Bint_Chumbageni

Umegusa penyewe, dadangu. Huku msaidizi ni mtaalamu aliyesajiliwa, hana upande, wajibu wake ni kwa mahakama. Ana gharama na ni wachache, kikao kinaweza kusogezwa wiki kadhaa kwa kumsubiri yeye. Lakini mama ambaye mumewe ndiye mshtakiwa hawezi kuwa daraja. Nimeona mtoto kwenye video akimtazama mtu mzima aliyeko chumbani kabla ya kila jibu, na yule hakuwa hata ndugu.

---

kaka_mkubwa_Reading

Mimi niko huku, mdogo wangu anataka kuwa barista wa jinai. Pesa ikoje? Na unalalaje?

---

Bint_Chumbageni

Pesa mwanzoni ni aibu. Wakati wa mgomo wa 2022 chama cha mabarista wa jinai kilikuwa kikitaja pauni 12,200 kwa mwaka kama kipato cha kati cha barista katika miaka mitatu ya kwanza, baada ya gharama. Mfanyakazi wa duka anampita. Tuligoma bila kikomo kuanzia Septemba 5, tukarudi Oktoba kwa nyongeza ya asilimia 15. Mimi nilikuwa nje ya mahakama na wigi langu, mvua inanyesha, na sijutii. Ukikomaa inakuwa nzuri, ila wengi hawafiki kukomaa. Wanahamia sheria ya familia au biashara.

Kinachouma kuliko pesa ni foleni. Mwaka 2024 kesi zinazosubiri Crown Court zilipita 70,000. Kwa ubakaji, kutoka siku ya kuripoti mpaka kesi kusikilizwa miaka miwili na zaidi ni kawaida. Unafika asubuhi, mlalamikaji amejiandaa miezi, ameomba ruhusa kazini, unaambiwa hakuna chumba cha mahakama leo. Nenda kamwambie. Hilo kwa kweli ni gumu kuliko dodoso lolote.

Kulala: sitazami video za mahojiano ya polisi nikiwa nyumbani. Naenda chemba, hata Jumapili, natazama, nafunga, narudi. Tumejiajiri, hakuna idara ya kukuuliza hali yako.

Mdogo wako aende akae viti vya umma Crown Court yoyote, ni bure. Asome miongozo ya The Advocate's Gateway, nayo bure, inaeleza namna ya kumhoji mtoto, mwenye usonji, kiziwi, mwenye kiwewe. Aombe ufadhili wa Inn mapema, dirisha linafungwa Novemba, karibu mwaka mzima kabla ya kozi kuanza. Na asijidanganye kwamba ataanza na kesi hizi. Kushtaki ubakaji kwa niaba ya CPS (ofisi ya mashtaka ya huku) lazima uingie kwenye orodha yao ya mabarista waliothibitishwa kwa fani hiyo.

---

Mzee wa Ilala Boma

Marahaba binti. Nimekuelewa kidogo. Swali la mwisho: hizo video, juri haioni kama sinema? Machozi ya mtu yuko mbele yako na machozi ya kwenye skrini si sawa.

---

Bint_Chumbageni

Mzee, huo ndio ubishi mkubwa wa mabarista wenyewe. Wapo waendesha mashtaka wanaoapa kwamba video inapoza kesi. Msimamo wangu: mtoto mdogo, rekodi haraka, kwa sababu ukisubiri miaka miwili unamhoji mtoto mwingine kabisa mwenye kumbukumbu nyingine. Mtu mzima, muulize yeye. Wapo wanawake wanaosema nataka nisimame mle ndani, wekeni pazia tu. Wapo wasiotaka hata pazia. Chaguo lao liheshimiwe, badala ya sisi kupiga hesabu ya nani atalia vizuri wapi. Na siyo wote wanaolia. Jaji huwaambia juri wazi kwamba utulivu hauthibitishi uongo, wala kuchelewa kuripoti, wala kutopiga kelele.

---

Wakili Kijana Dom

Dada, kabla hujaondoka. Mfano wa kubuni, mtoto wa miaka tisa, niko utetezi. Nimeandika hivi:

1. "Ni kweli au si kweli kwamba hukumwambia mtu yeyote mpaka bibi alipokuuliza?"
2. "Na bibi alikuwa amegombana na mshtakiwa kuhusu shamba, unalijua hilo?"
3. "Kwa hiyo nikisema bibi ndiye aliyekufundisha maneno haya nitakuwa nimekosea?"

Nikosoe.

---

Bint_Chumbageni

1. Mawili ndani ya moja, na lina "hu" na "mpaka". Liwe: "Bibi alikuuliza nini?" Kisha: "Ulimwambia bibi nini?" Kisha: "Nani mwingine ulimwambia?" Akijibu "hakuna mtu", umepata ulichotaka.

2. Ondoa. Ugomvi wa shamba muulize bibi mwenyewe, atakuja kizimbani. Mtoto hana habari za hati.

3. Hilo ni hotuba kwa hakimu, lihamishie kwenye majumuisho yako. Kwa mtoto uliza: "Bibi alikuambia useme nini mahakamani?" Ukiogopa jibu, usiulize.

---

Wakili Kijana Dom

Hilo la tatu naliogopa.

---

Bint_Chumbageni

Basi mpigie mteja wako usiku huu, siyo asubuhi ya kesi.